Likizo Ndefu, Kozi Moja

Mwezi wa saba ukifika katikati, Kihesa na Semtema, mitaa ya wanafunzi kule Iringa, hupoa. Vyumba vya kupanga vya wanafunzi vinatiwa kufuli, mama aliyekuwa akikaanga chipsi mpaka saa tano usiku anazima jiko saa mbili, na bodaboda waliokuwa wakikupita kwa kiburi mwezi wa tano sasa wanakuita "dada" kwa sauti ya kubembeleza. Huku Mbeya nako ni hivyo hivyo. Pita Iyunga, jirani na MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, utakuta steshenari ziko wazi na mwenye duka anasinzia pembeni ya mashine ya fotokopi. Wanafunzi wamekwenda kwao. Watarudi Oktoba au Novemba.

Hapo katikati kuna karibu miezi mitatu, na tunaichukulia kama mali isiyo na mwenyewe. Tuwaondoe kwanza wenye fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa ualimu pale Chuo cha Mkwawa, Iringa, likizo yake inaliwa na mazoezi ya kufundisha, wa uhandisi anakwenda PT, fildi ya wahandisi, kiwandani au barabarani; hao wana kazi na wasisumbuliwe. Nazungumzia likizo ile nyingine, ambayo programu yako haijakupangia kitu na wewe hujajipangia. Hiyo ndiyo ninayoona ingefaa kuwekewa kozi. Moja tu, ya wiki sita hivi, darasani, mbele ya mtu anayesahihisha kazi yako.

Wamarekani wameizoea habari hii kiasi kwamba hawaishangai tena. Harvard ilianza masomo ya kiangazi mwaka 1871. Miaka miwili baadaye mtaalamu wa viumbe Louis Agassiz alifungua shule ya kiangazi kwenye kisiwa kidogo cha Penikese, pwani ya Massachusetts, akawakusanya walimu na kuwafanya wachunguze samaki na viumbe wengine wa baharini kwa macho yao, badala ya kusoma habari zao vitabuni. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango mwaka 1892, rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, aliugawa mwaka mzima katika robo nne, na robo ya kiangazi ikawa na hadhi sawa na nyingine. Mpaka leo mwanafunzi wa kule anaweza kusoma somo zima Juni na Julai, likahesabiwa kwenye shahada yake, akamaliza chuo mapema au akaupunguzia mzigo muhula unaofuata. Wala tusiende mbali: Nairobi, USIU ina muhula wa kiangazi, na Makerere wana muhula mfupi wa likizo kwa baadhi ya programu zao.

Kinachonivutia katika historia hiyo ni kwamba wengi waliozijaza shule za kiangazi za mwanzo walikuwa walimu, watu wenye ajira ambao likizo ya shule ndiyo ilikuwa nafasi yao pekee. Namfahamu mtu wa namna hiyo. Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu Huria, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome bila kuacha kazi. Shule zikiwa wazi hakugusa kitabu; madaftari ya watoto yalimtosha. Likizo ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi na mbili ndipo alipokuwa akijifungia chumbani, na sisi watoto tukaonywa tusipige kelele. Akahitimu. Kwa hiyo kusoma likizo si jambo la kuletewa na ndege. Walimu wetu walishalifanya, tena bila chuo kuwafungulia darasa maalumu.

Sasa niseme faida yenyewe iko wapi, maana wengi wakiulizwa watakujibu "unamaliza mapema" na kuishia hapo. Kumaliza mapema ni kuzuri kwa anayelipa ada, sibishi. Lakini mimi nilichopata ni kitu kingine.

Mwaka wa kwanza, pale Iringa, nilikuwa nasoma maendeleo ya jamii. Mwanafunzi wa kwetu anajua ratiba ya muhula ilivyo: kozi sita au saba kwa pamoja, Jumatatu unaanza na saikolojia, saa nne uchumi, mchana stadi za mawasiliano, jioni semina ya DS (taaluma za maendeleo), na katikati ya hayo kuna asaimenti ya kikundi ambayo watu wawili wanaandika na wanane wanatia majina. Kila kozi inapata saa zake chache kwa wiki. Ikifika wiki ya kumi, majaribio yanaanguka yote kwa mpigo na kila mtu anapiga msuli usiku kucha. Unafaulu. Ukiulizwa Desemba ulisoma nini Juni, unakumbuka jina la kozi na mhadhiri alivyokuwa anavaa.

Likizo ile sikuwa na fildi. Shangazi, ambaye wakati huo alishahamia Mbeya, aliniambia kuna chuo kinatoa kozi fupi ya takwimu na kompyuta, nije nikae kwake Soweto, chakula na malazi juu yake. Baba, pale Mafinga, aliuliza swali moja tu: mahindi yatavunwa na nani? Nitalirudia swali hilo, kwa sababu ni la haki.

Mbeya ya mwezi wa nane asubuhi, msomaji wa Dar hawezi kuielewa kwa kuambiwa. Tulikuwa tunaingia darasani na makoti, wengine na mablanketi ya kimasai mabegani, tumeshika vikombe vya chai ya tangawizi kama dawa. Darasa lilikuwa dogo na la mchanganyiko: muuguzi, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kutoka Mbozi, bwana shamba mmoja mtu mzima, wanafunzi wawili watatu wa vyuo mbalimbali. Kila siku asubuhi, somo ni hilo hilo. Ukishindwa jana, leo unauliza, kwa sababu leo bado mko pale pale. Hakuna saikolojia ya saa nne ya kukukimbiza.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni mavuno ya viazi ya vijiji viwili. Kote wastani ulikuwa gunia sitini kwa ekari. Akatuuliza, kama una mbegu bora za kugawa, utazipeleka kijiji kipi? Tukasema ni sawasawa, wastani si mmoja? Yule bwana shamba akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Gunia lipi? La kilo mia au lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi?"

Darasa zima tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema hilo ndilo swali bora kuliko yote aliyoulizwa wiki ile, kwa sababu namba isiyojulikana imepimwa kwa kipimo gani haina kazi, na ukiwaendea wakulima wa viazi kwa dodoso bila kuuliza hivyo, utarudi na takataka. Kisha akatufunulia mavuno ya shamba moja moja. Kijiji cha kwanza wote walikuwa kati ya hamsini na tano na sitini na tano. Cha pili kulikuwa na waliovuna zaidi ya mia na waliopata kumi na tano. Wastani uleule, vijiji viwili tofauti kabisa. Bwana shamba akaanza kueleza: huko cha pili kuna watu wana mbegu safi na mbolea, na kuna wanaopanda vile vilivyobaki jikoni. Muuguzi akasema hata kwenye uzito wa watoto kliniki ni hivyo, wastani unaficha wale wenye utapiamlo. Mjadala ukaenda mpaka chai.

Baada ya chai ndipo ikaja fomula ya kupima namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Nilipoiona, nilikuwa tayari najua inatafuta nini. Chuoni nimeshaiona mara nyingi ikija kinyume: fomula kwanza, na mfano unaahidiwa wiki ijayo, na wiki ijayo ni sikukuu.

Ningeweza kusema tofauti ni mwalimu, na kwa kiasi ni kweli. Lakini mwalimu huyo huyo mpe watu mia tatu kwenye ukumbi, saa mbili kwa wiki, uone kama atapata nafasi ya kumsikiliza bwana shamba. Kozi ya likizo inampa nafasi. Watu ni wachache, wengi wao wamejilipia wenyewe, na hakuna kingine kichwani.

Faida ya pili sikuiona mpaka mwaka wa tatu, wakati wa utafiti. Anayejua maisha ya vyuo vyetu anajua biashara moja inayofanyika kimyakimya kwenye steshenari: unapeleka madodoso yako, unalipa, siku ya pili unapewa majedwali yaliyochambuliwa kwa SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu, huyajui yametokeaje, unayabandika kwenye ripoti na kuomba Mungu jopo lisikuulize. Mimi nilichambua data yangu mwenyewe mezani, hosteli. Wenzangu walipojua, wakaanza kuja. Wengine niliwafundisha, wengine waliokuja na haraka zao niliwatoza (soda na nauli, si zaidi, ingawa kuna mmoja hadi leo ana deni langu). Kazi yangu ya kwanza baada ya kuhitimu ilikuwa ya kuingiza takwimu za mradi vijijini, na kwenye usaili sikuulizwa GPA. Nilipewa kompyuta na faili lenye makosa, nikaambiwa litafute tatizo.

Kuna kundi jingine ambalo kozi za likizo zingelisaidia kuliko nilivyosaidiwa mimi, nalo ni la wenye sapu, mtihani wa marudio. Utaratibu wa vyuo vingi nchini unafahamika. Umeanguka somo, unarudia mtihani kabla ya mwaka mpya kuanza, na hata ukipata alama zote unaandikiwa C. Katikati hapo hakuna wa kukufundisha. Mwanafunzi anarudi kijijini na daftari lilelile ambalo halikumsaidia mara ya kwanza, analifungua wiki moja kabla ya mtihani, anarudi kujaribu bahati. Akianguka tena, somo linamsubiri mpaka muhula wake uzunguke mwakani, kwa sababu linafundishwa mara moja kwa mwaka. Na kama somo hilo ndilo ngazi ya jingine, tuseme hisabati ya mwaka wa kwanza kwa mtu wa uhandisi, basi na yale ya juu yake yanasimama. Hivi ndivyo kozi moja inavyomgharimu mtu mwaka mzima, na mzazi ada ya ziada, na wakati mwingine mtu anadisco, yaani anaondolewa chuoni, kwa kitu ambacho wiki sita za kufundishwa upya zingekitibu. Kule ambako kuna muhula wa likizo, huyu angelisoma upya somo lake, angefanya mtihani kama wengine, Oktoba anaendelea na safari. Kwangu mimi hii peke yake ni sababu tosha ya vyuo vyetu kufungua madarasa mwezi wa nane. Majengo yapo na maktaba ipo.

Na ajabu ni kwamba madarasa ya likizo Iringa yapo, ila wanaosoma ni wageni. Miezi hiyo hiyo ambayo sisi tunafunga mabegi, utawaona vijana wa vyuo vya nje wamevaa kofia pana, wanapanda magari kwenda Isimila, kwenye korongo lenye zana za mawe zilizochimbuliwa na kina Clark Howell mwaka 1957 na 1958, au wanaelekea Hifadhi ya Ruaha. Huko Magubike na Mlambalasi, Profesa Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alianza kuchimba pamoja na wanafunzi wake na wataalamu wa Kitanzania miaka ya 2000. Kwa wengi wa vijana hao ile ni sehemu ya masomo. Wanaandika ripoti, wanapewa alama. Wanavuka bahari kuja kusoma likizo kwenye vilima ambavyo mwanafunzi wa historia wa palepale Iringa anavitazama kwa dirisha la basi akirudi kwao. Sina ugomvi nao hata kidogo. Wivu tu.

Turudi kwa baba na mahindi yake.

Watu wanaoandika habari za kutumia likizo vizuri huandika kana kwamba mwanafunzi anarudi nyumbani kukaa kwenye kochi. Nyanda za juu kusini, mtoto wa chuo akirudi ni mikono miwili zaidi. Mpunga wa Kyela na Usangu unakuwa umevunwa au unamalizikia, kahawa ya Mbozi na Rungwe inachumwa, mahindi yamekauka shambani yanangoja kuvunjwa na kupukuchuliwa. Mavuno hayo ndiyo yatakayotoa nauli na sehemu ya ada. Kumwambia mzazi "nabaki chuoni kusoma" mwezi wa saba ni kumwambia atafute kibarua wa kumlipa. Na pesa yenyewe ya kozi inatoka wapi? Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, limeshakata. Bodi ya Mikopo inalipia mafunzo kwa vitendo yaliyomo kwenye programu yako, si kozi uliyojichagulia.

Kwa hiyo siwezi kumshauri kila mtu. Nilichofanya mimi ni kwenda Mafinga kwanza, tukavuna, ndipo nikapanda basi la Mbeya. Nikiulizwa ratiba, ningeiweka hivyo hivyo kwa ukanda huu wote: darasa lifunguliwe Nanenane ikishapita. Tarehe 8 Agosti, sikukuu ya wakulima, watu wako uwanja wa John Mwakangale hapa Mbeya wanatazama ng'ombe na mbegu mpya, mazao mengi yameshaingia ndani au yako njiani, na bado kuna wiki sita safi kabla ya pilikapilika za kufungua chuo. Chuo kitakachopanga kozi zake za likizo kwa kunakili kalenda ya Ulaya, kuanzia Juni, kitapata watoto wa mjini tu.

Malazi nayo yamtoe mtu jasho kabla hajalipa chochote. Mimi bila shangazi nisingeweza, wacha niwe mkweli. Kama huna ndugu mjini, tazama kwanza hapo ulipo: mwenye nyumba wa Kihesa au Iyunga ambaye vyumba vyake viko tupu anaweza kukupunguzia kodi mwezi wa nane, kwani mbadala wake ni kukosa kabisa. Muombe. Wapo wanaokubali.

Halafu kuna suala la vyeti, na hapa sina upole. Ukitaka kozi ihesabiwe kwenye shahada yako, nenda idarani kwako kabla ya kulipa, uliza kama wataitambua, na jibu ulipate kwa maandishi. Maneno ya koridoni hayafiki kwenye bodi ya mitihani. Hakikisha pia chuo kinachofundisha kinatambuliwa: vyuo vikuu viko chini ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vyuo vya kati chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na ukitaka ufundi wa mkono, VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wako Mbeya na Iringa pia. Kwa hesabu ya TCU, krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Zigawe kwa wiki sita, ni saa 20 kwa wiki, jambo ambalo mtu mzima mwenye afya analiweza na bado akapata muda wa kwenda Mwanjelwa sokoni. Anayekuahidi kozi nzima kwa siku tano, na picha ya pamoja mkiwa mmevaa fulana, anakuuzia fulana.

Mdogo wangu sasa yuko mwaka wa pili pale Iyunga, mtu wa umeme. Aliniuliza majuzi asome nini likizo hii. Nikamwambia asisome chochote, ana PT, na PT ukiifanya kwa dhati inachosha. Amwangalie fundi, aandike kila siku alichokiona, aulize. Alinung'unika kwamba nimewaambia watu wote wasome isipokuwa yeye. Basi nikampa kitu: Kiingereza cha kuandika ripoti, kwani ripoti yake ya mwaka jana niliisoma, na mhandisi atakayeipokea hataijua nguzo iko wapi na transfoma iko wapi. Shangazi amesema chumba kipo, ila safari hii anataka mchango wa umeme.